Pumzi ya Tata Mwenze na Transista Nne

Sebuleni kwa Tata Mwenze mlikuwa na mto, na hakuna aliyeuona isipokuwa yeye. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kawaida, moja ya zile nyumba za matofali za Dilala, Kolwezi, ambazo kampuni ya migodi iliwajengea watu wake zamani, na paa lake lilipakwa rangi mara ya mwisho wakati Tata bado ana meno yote. Alikuwa analala kwenye kiti kirefu karibu na dirisha, mpira mwembamba umeingia puani, na mashini ya hewa ikivuma miguuni pake: vuu, ikapumua, vuu tena. Akifunga macho, mvumo ule uligeuka Lualaba. Maji yalipita chini ya kabati la vyombo, yakazunguka miguu ya meza, yakatoka kwa mlango wa jikoni bila kulowesha mkeka. Siku moja alimwambia mke wake kwamba ameona samaki amesimama mbele ya televisheni.

"Alikuwa anaangalia nini?" Mama Mushiya akauliza.

"Hakuna kitu. Televizio ilikuwa ya kuzima."

"Basi njo samaki ya hapa kwetu. Eko anangoya kuran kama shiye bote."

Vumbi la mawe ndilo lililokula mapafu ya Tata Mwenze, polepole, kama panya anavyokula gunia la unga: kwa nje gunia linaonekana bado limesimama. Daktari alisema asiachane na mashini ile mchana wala usiku. Alisema kwa Kifaransa kizuri sana, ila hakusema kuran, yaani umeme, itatoka wapi mchana na usiku. Hapo ndipo Falonne, binti yao wa mwisho, aliyesomea umeme na mwenye kibanda chake cha kutengeneza redio na simu, alipounda kisanduku. Kilikuwa cha bati, kikubwa kama mkate wa sikukuu, kimeunganishwa na betri ya lori. Kilichukua nguvu ndogo ya betri na kuipandisha mpaka ifanane na kuran ya ukutani. Kuran ikiondoka, kisanduku kinashika, na mto wa Tata haukujua hata kwamba umebadilisha chemchemi.

Mpaka asubuhi ile. Kuran iliondoka wakati Mama Mushiya anatwanga sombe, majani ya mhogo. Kisanduku kikashika, kikasema paf, na mto ukakauka.

Mama Mushiya aliacha mchi ndani ya kinu, akaingia mbio, akauhamisha mpira wa puani kwenye chupa ya oksijeni, ile chupa ndefu ya chuma ambayo zahanati ya parokia iliwaazima kwa ajili ya siku mbaya. Chupa haivumi. Inatoa hewa kimya, na mshale wa saa yake unashuka kimya vilevile. Tata Mwenze akafungua macho, akaona sebule tu: kabati, meza, kalenda ya mwaka jana.

"Imeenda wapi?" akauliza.

"Nini?"

"Maji."

"Lala. Banakuya kufungula robine," mke wake akasema, na akaenda kugonga mlango wa chumba cha Falonne.

Mtu wa kukitengeneza kisanduku alikuwa mule mule ndani, lakini hakuweza kwenda kununua hata msumari. Falonne alikuwa amejifungua. Kwao, mama aliyezaa havuki lango la uwanja mpaka kitovu cha mtoto kikatike. Siku kikikatika, mtoto anatolewa nje, mzee wa nyumba anampokea mikononi na kumpa jina. Kabla ya hapo mama anakaa chumbani, anakula, analala, na anasikiliza wageni wakimsema vizuri huko sebuleni.

Mtoto alikuwa msichana, mdogo sana. Kule uzazini muuguzi aliangalia mizani, akaangalia tumbo la Sadrack, baba wa mtoto, akauliza ni nani kwao anayekula chakula cha wenzake. Watu walicheka. Sadrack naye alicheka, kwa sababu hakujua kitu kingine cha kufanya na uso wake.

Siku walipomleta nyumbani, Tata Mwenze alimpokea kwenye kiganja, akampandisha kidogo, akamshusha. Ndivyo alivyopima mawe maisha yake yote, na ndivyo alivyomfundisha Sadrack, kijana wa Mutshatsha aliyekuja Kolwezi kuchimba bila kujua jiwe gani ni la kubeba na lipi la kuacha. Jiwe lenye mali ni zito. Jepesi linarushwa pembeni. Tata alimpandisha mjukuu wake mara ya pili, akamrudisha kwa bibi yake, akageukia dirisha. Falonne aliona. Tangu hapo alikuwa na maswali mawili aliyolala nayo: kama baba yake atafika siku ya kitovu akiwa na pumzi ya kulitamka jina, na kama atataka kulitamka.

Sasa alikuwa amekifungua kisanduku juu ya kitanda, mtoto upande mmoja, bisibisi upande mwingine. Sadrack alisimama mlangoni na gunia lake la mawe begani, tayari kwenda kuuza.

"Ona," Falonne akasema. "Hizi transista ine. Yote ine ilisha kufa."

Vilikuwa vitu vidogo vyeusi, kila kimoja na miguu mitatu, na kimoja kilipasuka tumboni.

"Bitu bidogo hivi njo bilikuwa binamupumulisha Tata?"

"Kila moja iko mulango. Inafungula, inafunga, inafungula, inafunga. Mbele umalize kusema jina yako, ilisha kufunga mara mingi kupita mawe yote yenye ulichimba."

"Njo maana imechoka."

"Haichoke. Ikifunguka muzuri, kuran inapita bila kelele. Ikifunga muzuri, kuran inabakia nje bila kelele. Lakini ikichelewa pa katikati, nusu wazi, nusu ya kufunga, njo pale inaungua. Kama weye na mama pa mulango ya jikoni, hakuna mwenye anapisha mwenzake."

"Nasikia," Mama Mushiya akasema kutoka sebuleni.

Falonne alishika mkono wa mume wake, akaandika kwenye kiganja kwa kalamu ya biki: 600, na chini yake jina la aina anayoitaka, herufi na tarakimu. Simu zao zilikuwa zimezimika, hakuna wa kumpigia mwenzake. "Uende kwa Mama Mado, pale soko ya pyesi. Ya kubeba volti mia sita, na ya mbio. Yote mbili, Sadrack. Si moja. Na usinawe mukono."

"Akinawa, tutaita padri aandike muujiza," Mama Mushiya akasema.

Depo ya kununulia mawe ilikuwa njiani, na Sadrack alihitaji pesa ya depo ili afike sokoni. Alikuwa ameyachagua mawe yale moja moja, kwa mkono, ndani ya shimo ambamo taa ya kichwa inaona pua yako tu. Aliyajua kama mtu anavyojua watoto wake. Kijana wa depo, viatu vyeupe katika nchi hii yenye vumbi jekundu, alielekeza kwenye gunia ile bunduki yao ya kusoma mawe. Bunduki ikalia ti. Namba ya madini yaliyomo ikatoka, namba ndogo, ya kuchekesha.

"Hapana," Sadrack akasema. "Angalia tena. Mawe iko mazito."

"Mashini haina mukono, tata. Njo maana mukono haiwezi kuidanganya."

Waliosimama kwenye foleni wakacheka, na wao mawe yao yalikuwa bado hayajasomwa. Sadrack alitoa jiwe, akalifinya kiganjani, akalinyoosha mbele ya kijana. "Pima weye mwenyewe."

Kijana aliangalia jiwe, akaangalia mkono wake uliooshwa, akaita mtu wa nyuma. Sadrack akalipwa vile namba ilivyosema. Alitoka akiwa ameshika jiwe lile bado. Alitembea nalo mpaka karibu na soko, na alipolitupa na kufungua kiganja, 600 ilikuwa inaonekana kidogo. Chini yake, penye jina la aina, palikuwa na wingu jeusi la wino.

Kwenye soko la pyesi, yaani vipuri, wanawake wanauza matumbo ya mashini zilizokufa. Wanayapanga kwenye visahani kama watu wengine wanavyopanga maharagwe, na ukipita jua likiwa juu unaona uwanja mzima unametameta, unadhani mvua ya shaba imenyesha hapo peke yake. Mama Mado alikuwa katikati, mwanamke mpana, miwani imefungwa kwa kamba ya mpira.

"Nataka transista ine ya volti mia sita," Sadrack akasema.

"Ya kazi gani?"

"Ya kazi."

"Kazi ya televizio, kazi ya mashini ya kuunganisha byuma, ao kazi ya kunikasirikia?"

Sadrack akaonyesha visahani kwa kidole. Mama Mado akasogeza visahani viwili. Kimoja kilikuwa na transista nyembamba, nyepesi, za kuruka na upepo. Kingine kilikuwa na nene, pana, mgongo wake wa chuma. Sadrack alichukua moja kila mkono. Mikono ikapanda, ikashuka, yenyewe, bila kuulizwa.

"Hii ya kizito inabeba ngapi?"

"Elfu moja na mia mbili."

"Na hii?"

"Mia sita."

"Basi nipe ya kizito."

"Inabeba mingi, ndiyo. Lakini iko ya pole. Inachelewa kufunga. Kama kazi yako iko ya mbio..."

Sadrack alisikia ile bunduki ya depo ikilia ti. Alimwona Mama Mado amevaa viatu vyeupe, ingawa alikuwa amevaa kandambili. "Mama," akasema, "miye napima tangu niko kijana. Usinifundishe uzito."

Mama Mado akavua miwani, akaifuta kwa kitenge, akairudisha. "Sikufundishe. Nakufungia ine." Alizifunga kwenye kipande cha gazeti kama karanga. "Ukirudi, niko hapa. Niko hapa siku zote, hata siku yenye sitaki."

Sadrack aliporudi, Tata Mwenze alikuwa macho. Chupa ile kimya ilimpa hewa lakini haikumpa ndoto, na mtu aliyezoea mto anaona sebule kavu kuwa ndefu sana. Sadrack aliweka transista moja kwenye kiganja chake. Mkono wa mzee ukapanda, ukashuka.

"Iko na mali ndani," Tata akasema.

Falonne aliichukua, akaisogeza dirishani, akasoma namba zake.

"Si hii nilikuandikia," akasema polepole. "Hii iko ya pole."

"Inabeba mara mbili," Sadrack akasema.

"Siombe ibebe. Naomba ifunge."

"Mutoto," baba yake akasema kutoka kwenye kiti, "kizito ni kizito."

Pale palikuwa na baba na mume, na mshale wa chupa ulikuwa umepita katikati na unaendelea kuteremka. Binti gani angebishana nao hapo, wakati hana transista nyingine hata moja? Falonne aliomba moto.

Chuma cha kuunganishia kinataka kuran, na kuran haikuwepo. Kwa hiyo Mama Mushiya alikoleza mbabula, jiko lao la makaa, akatumbukiza ncha ya chuma ndani ya makaa, karibu na sufuria ya sombe, akapuliza mpaka ncha ikawa nyekundu. Falonne alikuwa anaunganisha mguu mmoja, chuma kinapoa, kinarudi motoni, kinatoka, mguu wa pili. Chumba kilinuka risasi iliyoyeyuka na mafuta ya mawese. Mtoto alilala katikati ya hayo yote kama mtu aliyelipa nauli.

Kisanduku kiliporudishwa sebuleni kikaamka, mashini ikasema vuu. Kila mtu akapumua, si Tata peke yake.

Mto ukarudi. Tata Mwenze aliuona ukiingia kwa mlango wa jikoni, lakini safari hii ulikuwa unatoa mvuke. Maji yalikuwa ya moto kama ya kuoshea mgonjwa. Yule samaki alitokea, akaruka mpaka juu ya kabati, akakaa hapo mkia ndani ya kikombe, akimtazama kwa lawama.

"Falonne," mzee akasema macho yamefumbwa, "maji inachemuka."

Falonne aliweka mkono juu ya kisanduku, akautoa haraka. Akaita vifuniko vya sufuria.

Basi jioni ile, watu waliopita njiani Dilala wakachungulia dirishani kwa Tata Mwenze waliona kitu cha kusimulia. Mama Mushiya upande mmoja, Sadrack upande mwingine, wamepiga magoti, wanapepea kisanduku cha bati kwa vifuniko vya sufuria, vile mtu anavyopepea mbabula. Tata Antoine, jirani, alikuja kusalimu mgonjwa. Hata hajakaa, alikuwa ameshapewa kifuniko.

"Munapika nini?" mwanamke mmoja akauliza kutoka barabarani.

"Kuran," Mama Mushiya akajibu. "Pitia kesho, tutakuwekea pa sahani."

"Kwa kawaida munapepea juu moto ishike," Tata Antoine akasema, jasho likimtoka. "Hapa tunapepea juu moto ikufe. Hii nyumba inafanya kila kitu kinyume."

"Ni mukwe wangu njo alichagua hii moto," Mama Mushiya akasema. "Iko ya kizito."

Sadrack hakuinua kichwa. Alipepea. Alipepea mpaka mabega yake yakamwambia kwamba afadhali shimoni. Jua lilipozama kuran ikarudi, watoto wa mtaa mzima wakaishangilia kama timu imefunga goli, na kisanduku kikapumzika kikitoa milio midogo ya chuma kinachopoa.

Asubuhi kuran iliondoka tena, mapema, kabla chai haijachemka. Kisanduku kikashika. Vifuniko vikachukuliwa. Wakapepea, na harufu ikaja hata hivyo, harufu ya plastiki na aibu, kisha ikaja ile sauti: paf.

Mama Mushiya akaurudisha mpira kwenye chupa. Mshale ulikuwa umeshagusa rangi nyekundu. Wote waliuona, na Tata aliona kwamba wameuona. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Alimwita Sadrack kwa kidole, akamtaka ainame.

"Mukono yako," akasema, akapumzika. "Na mukono yangu." Akapumzika tena. "Inayua mawe. Hii si mawe."

"Tata, usiseme mingi."

"Niko nasema kidogo. Enda. Usipime. Uliza."

Falonne alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake, mtoto mgongoni, viatu mkononi. "Niende miye mwenyewe," akasema. "Kitovu itanisamehe."

Mama Mushiya alimwangalia kwanza yeye, kisha viatu. "Na ukianguka njiani, nani ataunganisha? Miye? Nitaunganisha Tata yako na kabati." Akamnyang'anya viatu. "Acha aende. Jana alienda na mukono. Leo ataenda na kinywa."

"Umuambie ni ya kupumulisha muntu," Falonne akamwambia mume wake. "Umuambie hivyo tu. Atajua."

Mama Mado alikuwa anapanga visahani. Alimwona Sadrack anashuka kwenye pikipiki, akaendelea kupanga.

"Imeungua," Sadrack akasema.

"Eh."

"Ile kisanduku inaendesha mashini ya hewa. Ya muzee. Tata mukwe yangu. Chupa iko inaisha."

Mikono ya Mama Mado ikasimama. "Na jana? Juu ya nini hukusema jana?"

"Juu uliniuliza," Sadrack akasema.

Mama Mado alimwangalia juu ya miwani. Angeweza kucheka, na kila aliyekuwepo angecheka naye. Hakucheka. Alisogeza pembeni visahani vyote viwili, hata kile cha nyepesi. "Hizi sikupe. Ona hii, inang'aa sana, maandishi yake meupe kama meno ya kununua. Balisugua jina ya zamani, bakaandika ingine. Kwa redio sawa. Kwa muntu, hapana." Aliinama, akavuta kutoka chini ya kiti chake mashini nzima ya kuunganishia vyuma, mpya kidogo, iliyokufa kwa kuanguka kutoka kwenye lori. "Hii ilikufa na kichwa. Tumbo yake iko mazima."

Alizing'oa kwa koleo, moja baada ya nyingine, akazipima kwa kipimo chake cha waya mbili, akisema huku anafanya kazi, si kwa kumfundisha, kama mtu anayeimba anapofua. "Mule mu kisanduku yenu kuran inapanda mpaka volti mia tatu na kitu. Hii inabeba mia sita, inatosha, iko na nafasi ya kuvuta mabega. Kubeba mara ine, haina maana. Maana iko pa kufunga. Ile yako ya jana, unaiambia funga, inasema ngoya nimalize. Hii unaiambia funga, ilisha kufunga."

Akamwekea nne kiganjani. Mkono wa Sadrack ulitaka kupanda. Aliuzuia, akafunga vidole.

Njiani, nyuma ya pikipiki, vumbi jekundu likiwa limeinuka pande zote mbili mpaka mji ukaonekana kama unaelea, Sadrack hakusikia kitu ndani ya ngumi yake. Jiwe unalisikia. Linakuvuta chini, linakuambia uko na kitu. Hizi hazikusema lolote. Kila kona alimwomba motari apunguze mwendo, akafungua vidole kidogo, akachungulia. Zilikuwepo. Akafunga. Ilimjia kwamba amebeba pumzi ya mtu, kweli kweli, ndani ya mkono, na kwamba pumzi haina uzito hata kwa mtu anayejua kupima. Motari alimuuliza kama amebeba kifaranga.

"Kitu kama hiyo," Sadrack akasema.

Alipoingia, mshale wa chupa ulikuwa umelala kabisa. Tata Mwenze alikuwa anafanya kazi ya kupumua kwa mabega, macho wazi, hatazami mtu. Mbabula ilikuwa tayari, chuma kimeiva. Falonne alinyoosha kiganja. Alisoma namba kwenye transista ya kwanza, akaitikia kwa kichwa, akaanza. Aliegemeza mikono kwenye ukingo wa kitanda, akaendelea. Mama Mushiya alipuliza makaa mpaka machozi yakamtoka, na alisema ni moshi, na safari hii hakuongeza utani.

Mguu wa mwisho. Waya za betri. Falonne akabonyeza.

Vuu.

Walimtazama Tata. Kwa muda hakubadilika. Kisha mabega yake yakashuka, kama ya mtu aliyetua gunia, na midomo ikaanza kurudi kwenye rangi yake. Hakuna aliyechukua kifuniko. Falonne aliweka kiganja juu ya kisanduku, akakiacha hapo. Kisha akainamisha kichwa, akaweka shavu. Bati lilikuwa baridi.

"Maji?" Mama Mushiya akamuuliza mume wake sikioni.

"Iko nakuya," Tata Mwenze akasema. "Ya baridi."

Kitovu kilikatika asubuhi ya jua jepesi, wakati Mama Mushiya anamwogesha mtoto. Walikibeba kiti kirefu mpaka barazani, na mashini, na kisanduku, na betri nyuma yao kama msafara wa chifu. Tata Antoine alikuja na munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye dumu. Mama Mado alikuja pia. Hakuna aliyemwalika; alisema anapita tu, na kupita kwake kulikuwa na kitenge kipya.

Falonne alivuka lango, akaangalia barabara upande huu na upande ule, akarudi. Mama Mushiya akamtoa mtoto juani, akamwonyesha uwanja, kisha akamweka mikononi mwa babu yake.

Na mkono wa mzee, wenyewe tu, kwa mazoea ya maisha mazima, ukampandisha mtoto kidogo, ukamshusha. Falonne alishika nguzo ya baraza. Sadrack akaangalia viatu vyake.

"Mwepesi," Tata Mwenze akasema.

Wakati huo kuran iliondoka; redio ya jirani ilikatika katikati ya neno. Kisanduku kikashika. Mashini haikukosa hata pumzi moja.

"Mwepesi," akasema tena, na sasa alikuwa anamtazama usoni. "Muzuri sana. Huyu hatachelewa pa mulango." Akavuta hewa, akaijaza, akaitoa yote kwa neno moja ili lisikike mpaka barabarani: "Ndaya. Iko jina ya mama yangu."

"Mama yako alikuwa na kinywa," Mama Mushiya akasema.

"Njo maana," Tata akasema.

Munkoyo ukamiminwa. Watu wakaanza kusema wote pamoja. Tata Mwenze alimlaza Ndaya kifuani, akafunga macho. Maji yalikuja taratibu, safi, ya baridi, yakapanda ngazi za baraza, yakapita katikati ya miguu ya wageni bila kumlowesha mtu, yakasimama chini ya kiti. Samaki alikuwemo. Alitoa kichwa nje, na safari hii alikuwa na kitu cha kuangalia.